ABS ikizima katikati ya mbio, mguu wako unajua nini?

Swali la "Breki vipi?" kabla ya mbio za magari linaweza kuulizwa na kujibiwa ndani ya sekunde tatu. Dereva anasema, "Ziko poa, mkuu." Mkaguzi anakanyaga pedeli mara mbili, inakaza pale inapotakiwa kukaza, gari linasogea mbele. Hakuna aliyedanganya hapo. Breki ziko poa kweli, gari likiwa limesimama.

Swali gumu linabaki bila kuulizwa. Taa ya njano ya ABS ikiwaka ukiwa spidi 120, kona iko mbele yako na watu wamejipanga nje ya hiyo kona, mguu wako unajua la kufanya?

Nauliza mguu, siulizi kichwa. Kichwani kila mtu ni bingwa. Kaa kijiwe chochote Kinondoni au Temeke jioni, utawasikia jamaa wakikata kona zote za dunia huku wamekaa kwenye benchi wanakunywa kahawa. Ila kichwa kinahitaji muda wa kufikiri, na kwenye spidi hiyo muda haupo. Mguu utafanya kile ulichozoea tu. Dereva aliyelelewa na gari lenye ABS amezoea kitu kimoja: kanyaga kwa nguvu zote, kompyuta itajua yenyewe.

Hoja yangu leo ni fupi. Dereva ambaye hajawahi kufundishwa kusimama bila ABS asiruhusiwe kuanza mbio, hata kama gari lake lina ABS nzima. Nitaeleza kwa nini.

Tuanze na chombo chenyewe, maana kimezungukwa na imani nyingi. ABS si breki. Breki ni pedi, diski, mafuta ya breki na mabomba yake. ABS ni msimamizi tu. Kila gurudumu lina sensa inayosoma mzunguko wake. Ukikanyaga sana na tairi moja likaanza kusimama wakati gari bado linakwenda, mfumo unalegeza breki ya tairi hilo na kuikaza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndiyo ile mitetemo unayoisikia chini ya kiatu.

Faida yake kubwa ni kukuachia usukani. Tairi linalozunguka linakubali kukata kona. Tairi lililojifunga halisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Geuza usukani utakavyo, gari litakwenda kule kule lilikokuwa linakwenda.

Mfumo huu ukigundua una hitilafu, hujizima wenyewe na kuwasha taa ya njano. Breki za kawaida zinabaki. Kwa lugha ya mpira, beki wako wa kati amekula kadi nyekundu lakini kipa bado yuko golini. Hujafungwa. Ila ukiendelea kupanda wote kwenye kona kama mko kumi na moja, utafungwa, tena haraka.

Taa nyekundu ya breki ni kesi nyingine. Kama hendibreki haijavutwa, nyekundu inaweza kumaanisha mafuta ya breki yamepungua, na hapo mbio zako zimekwisha: punguza, toka pembeni, simama. Zikiwaka zote mbili, ya njano na nyekundu, tegemea pia kwamba ule mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma umepotea. Magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya yale ya mbele, na gari likafanya kitu ambacho dereva mgeni hakitegemei: mkia unataka kuwahi kufika.

Sasa hesabu, tena ya darasani. Spidi 100 kwa saa ni karibu mita 28 kila sekunde. Kwenye lami kavu, gari lenye matairi mazuri na dereva aliyekanyaga sawasawa linahitaji kama mita 50 kusimama, ukiacha ule muda wa kushtuka. Matairi yakijifunga na kuserereka, inaweza kufika mita 65 au zaidi. Tofauti hiyo ya mita 15 ni urefu wa magari matatu madogo yaliyopangwa moja nyuma ya jingine. Na ukiongeza spidi mara mbili, umbali wa kusimama unakuwa mara nne.

Hizo mita 15 zinaishia wapi? Nje ya kona. Na nje ya kona ndiko watazamaji wetu wanakopenda kusimama, kwa sababu ndiko gari linakoonekana vizuri na picha ya simu inatoka kali. Kwa hiyo tunapozungumzia mguu wa dereva, tunazungumzia pia mtoto aliyebebwa mabegani na baba yake pale pembeni.

Haya, dereva afanye nini? Kwanza ajue ni tatizo gani limempata, kwa sababu yapo matatu yanayofanana na dawa zake hazifanani.

La kwanza ni ABS kuzima na matairi kujifunga. Utasikia tairi linalia, usukani unakuwa mwepesi ghafla, gari haligeuki. Hofu itakwambia ongeza nguvu. Fanya kinyume: legeza kidogo, tairi lianze kuzunguka, kisha kaza tena taratibu mpaka unapohisi linakaribia kujifunga. Hapo ndipo mpaka wako ulipo, kaa hapo. Piga breki kubwa gari likiwa limenyooka, na ukianza kugeuza usukani, uwe unapunguza mguu kwenye pedeli. Tairi lina uwezo mmoja tu wa kushika barabara. Ukiumaliza wote kwenye breki, huna cha kuupa usukani.

La pili halina hata taa. Unapiga breki ghafla kwenye matuta, gurudumu linapoteza mshiko kwa kitambo kifupi, mfumo unadhani uko kwenye utelezi mkubwa na unapunguza nguvu ya breki. Pedeli inakuwa ngumu kama umekanyaga jiwe, na gari halipungui mwendo. Madereva wa mbio za lami wa Ulaya na Marekani wanaijua vizuri hali hii na wameipa jina la barafu, japo inatokea mchana wa jua kali. Hapo kuzidi kukandamiza hakusaidii. Achia kidogo, kanyaga upya kwa mpangilio. Uzuri ni kwamba hali hii inakwepeka: dereva anayekaza pedeli kwa hatua badala ya kuipiga teke haipati mara kwa mara.

La tatu ni pedeli kuzama mpaka chini. Hilo si la ABS kabisa. Mafuta ya breki yamechemka au yamevuja. Hapa ndipo ule ushauri wa wazee wa kupampu pedeli haraka haraka una kazi yake. Pampu, teremsha gia moja moja, vuta hendibreki kwa kukaza na kulegeza huku umeshikilia kitufe, na tafuta mahali pa wazi pa kuishia. Mchanga ni rafiki, ukuta si rafiki.

Ukishaliweka gari sawa katika hali yoyote kati ya hizo, toka kwenye njia ya wenzako, washa taa za hatari, rudi kwa mafundi mwendo wa taratibu. Kumalizia mzunguko mmoja zaidi "kwa sababu niko nafasi ya tatu" ni ujinga ambao hauna kombe.

Ukisoma haraka utasema mambo yenyewe mepesi. Ni mepesi kuyasoma. Kumbuka tu kwamba kati ya la kwanza na la tatu, mguu unatakiwa kufanya vitu viwili tofauti, na una kama sekunde moja ya kuchagua. Huwezi kuchagua kitu ambacho hujawahi kukifanya.

Tatizo letu linaanzia mbali na uwanja wa mbio. Linaanzia gereji. Magari mengi yanayokimbizwa na vijana wetu yametokea Japani yakiwa yameshatumika, na yakifika hapa yanaendelea kutumika. Siku moja taa ya ABS inawaka. Mazungumzo yanayofuata, kila mwenye gari Dar anayajua.

"Fundi, hii taa vipi?"

"Bosi, hiyo ya ABS tu, haina noma. Gari si linatembea?"

"Linatembea, ila inanikera."

"Basi nikuzimie."

Na kweli anaizima. Anachozima ni taa. Hitilafu inabaki pale pale, imekaa kimya, inasubiri siku ya mvua au siku ya mbio.

Siwalaumu mafundi wote. Wapo wanaoijua kazi hii barabara, na mara nyingi tatizo lenyewe ni dogo. Waya wa sensa umekatika. Tope na vumbi la chuma vimeganda kwenye sensa. Mtu ameweka tairi za saizi mbili tofauti, mfumo unasoma mizunguko isiyolingana na kuchanganyikiwa. Lingine linalowasumbua wengi ni beringi. Kwenye magari mengi ya siku hizi, sumaku inayosomwa na sensa iko kwenye ukingo mmoja wa beringi ya gurudumu. Beringi ikipachikwa nyuma mbele, gurudumu linazunguka safi, halina kelele, mteja anashukuru na kuondoka. Sensa haioni kitu.

Kuna kipimo kisichohitaji mashine wala hela. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, kuna uwezekano mkubwa mtu ameificha au amechomoa kitu. Mnunuzi wa gari afanye hivyo, na mkaguzi wa mbio afanye hivyo hivyo kabla hajagusa pedeli.

Halafu kuna mafuta ya breki, ndugu yake ABS anayesahaulika. Mafuta haya hunyonya unyevu, na hewa ya pwani yetu haina uhaba wa unyevu. Kwa viwango vyake, DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230, lakini ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 155. DOT 3 ni 205 ikiwa mpya na 140 ikishalowa. Diski za gari la mbio hupata moto kupita hapo kwa mbali. Mtu amefunga turbo, amebadilisha rimu, amepaka rangi ya kung'aa, lakini mafuta ya breki ni yale yale yaliyokuja nayo melini. Huyo anakimbia akiwa amebeba birika linalokaribia kuchemka.

Najua jibu linalokuja. "Kaka, wazee walikimbia Safari Rally bila hiyo ABS yenu." Ni kweli. Mashindano yale yalianza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh alishinda 1965, 1974 na 1976. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa kwetu Tanzania, alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. ABS ya kielektroniki ilianza kuuzwa kwenye gari la Mercedes-Benz mwaka 1978, kwa hiyo wakati huo ushindi ulitegemea mguu.

Na hata leo, magari yanayokuja Naivasha tangu ubingwa wa dunia uliporudi Kenya mwaka 2021 hayana ABS. Sababu iko wazi. Kwenye vumbi na changarawe, tairi lililojifunga hujikusanyia kichuguu cha kokoto mbele yake na kichuguu hicho husaidia kulisimamisha. ABS inakizuia kichuguu hicho kisijengeke, na umbali wa kusimama unaweza kuwa mrefu zaidi. Formula One nao waliitumia, Williams ya mwaka 1993 ilikuwa nayo, kisha ikapigwa marufuku kuanzia 1994 pamoja na misaada mingine ya kielektroniki, ili kazi irudi kwa dereva.

Lakini msikimbilie kuchomoa fyuzi. Gari la rali limejengwa tangu mwanzo bila ABS, na mgawanyo wake wa breki kati ya mbele na nyuma umepangwa kwa ajili hiyo. Gari lako la mtaani limepangwa likitegemea kompyuta. Ukiizima, unaweza kuwa umezima pia kile kinachozuia magurudumu ya nyuma yasijifunge mapema. Na kwenye lami, ABS nzuri inamshinda dereva wa kawaida karibu kila siku. Magari ya daraja la GT3, yanayoendeshwa na wataalamu wanaolipwa kwa kazi hiyo, yanatumia ABS na hakuna anayewaita waoga. Nachotetea ni dereva anayeweza kuishi nayo na anayeweza kuishi bila yake.

Kwa hiyo naomba mambo manne, kwa AAT inayosimamia mchezo huu nchini, kwa klabu na kwa waandaaji.

Moja, ukaguzi wa breki ufanyike gari likitembea. Lipite mkaguzi kwa spidi 40, lipige breki mbele yake, aone kama linanyooka au linavuta upande.

Mbili, hali ya ABS iandikwe kwenye fomu ya gari. Iwe nzima, au iwe imeondolewa rasmi na breki za nyuma zikarekebishwa. Gari lenye taa inayowaka, au taa iliyofichwa, lirudi gereji. Hakuna hali ya katikati.

Tatu, somo la breki kabla ya leseni ya mbio. Hapa hatuhitaji kungoja mtu atujengee Kyalami. Siku isiyo na mechi, maegesho ya Uwanja wa Benjamin Mkapa kule Temeke ni lami ya kutosha kwa somo la spidi ndogo. Upande wa Kinondoni, kiwanja cha wazi kama cha Tanganyika Packers pale Kawe kinaweza kutoa somo la vumbi. Gharama ni koni, boza la maji la kulowesha lami, mwalimu, gari la wagonjwa na kibali. Anza na spidi 40, gari limenyooka, ABS ikiwa imezimwa na mwalimu akiwa ndani. Dereva alisikie tairi linajifunga, alegeze, akaze tena. Arudie mara ishirini. Ya ishirini na moja mguu utakuwa umeanza kujua wenyewe.

Nne, kamba ya watazamaji itolewe nje ya kona na kuwekwa ndani au mbali. Gari likishindwa kukata, tayari tunajua linaelekea wapi. Hatuwezi kujua hivyo na bado tukapanga watu pale pale.

Somo hilo liwe wazi pia kwa vijana wa Subaru na Crown ambao hawana kadi ya klabu yoyote. Tukiwafungia nje, hawaachi kukimbia. Wanakimbia Barabara ya Bagamoyo na Barabara ya Kilwa usiku, sehemu ambazo kwenye makazi mwisho ni spidi 50. Uwanjani ukikosea kuna mchanga na kuna watu wenye bendera. Barabarani kuna bodaboda asiye na taa, kuna daladala linashusha, kuna mama anayevuka na ndoo ya biashara yake ya kesho. Kijana akishalisikia gari lake likikataa kugeuka kwa spidi 40 tu, kwenye lami iliyolowa, bila mtu wa kumgonga, nadhani atafikiri mara mbili kabla ya kujaribu 140 pale Mbagala.

Mchezo huu hapa kwetu ni mdogo na wadhamini wake wanahesabika. Ajali moja ya gari kuingia kwa watazamaji inatosha kuufunga kwa miaka, na kabla ya kuufunga itakuwa imezika watu. Kuikinga hakuhitaji wizara wala mkopo. Kunahitaji waandaaji wenye ujasiri wa kumwambia dereva maarufu, mwenye gari la mamilioni na mashabiki nyuma yake, kwamba leo hauanzi, kaka, mpaka utuonyeshe unavyosimama.